Kipaza Sauti cha Mbele

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na muuguzi. Miaka mitatu baadaye akazaliwa mdogo wake, anayewasomea wasifu huu. Walilala kitanda kimoja hadi wakawa wasichana wakubwa.

Alisoma shule ya jirani, akahitimu sekondari mwaka 1979. Mwalimu wa kwaya alimwambia mama yao, mabinti wote wawili wakisikia, "Mkubwa ana mvuto, mdogo ana sauti." Aliyewekwa mstari wa mbele ni mkubwa.

Mwaka 1984 alianzisha bendi, na mashabiki wakambandika jina Umeme. Kila onyesho, wimbo wa tatu, aliruka kutoka kwenye jukwaa la ngoma huku akiimba, na wala hakuhema. Mdogo wake alikuwa mwitikiaji kwa miaka thelathini na tisa, akimwonea wivu, na leo hafichi.

Tarehe 6 Juni 1990 alifunga ndoa na mpiga besi, mwanamume mpole. Mdogo wake ndiye aliyemwona kwanza, lakini hayo tuyaache. Walijaliwa watoto wawili.

Alipotimiza hamsini, magoti na pumzi vilianza kumwangusha. Ikapangwa kwamba yeye aruke, na mdogo wake amwimbie sauti za juu nyuma ya pazia. Makofi yakaenda kwa mrukaji. Miaka mitano baadaye hata kuruka kukamshinda, akawa anaimba ameketi kwenye stuli. Mdogo mtu, mwenye magoti mazima, alisubiri watu wamchoke. Hawakumchoka ng'o! Aliinua kidole tu, na ukumbi mzima ukaruka kwa niaba yake.

Mwaka 2021 aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo. Katika onyesho lake la mwisho, alasiri ya tarehe 2 Agosti 2023, pumzi ilimkatikia katikati ya wimbo. Mdogo wake akasogea haraka, mkono ameunyoosha.

"Nipe maiki, dada, nimalizie."

"Rudi nyuma," alimjibu, huku akiwatabasamia watu. Watu wakaumalizia wimbo wenyewe.

Siku tatu kabla hajafariki, mdogo wake alikuwa akimkanda miguu hospitalini.

"Dada, hata wimbo mmoja umeshindwa kuniachia?"

"We nawe! Ungeimba huo mmoja, nani angenitaka mimi tena?" Alicheka hadi akakohoa. "Nimekuonea wivu maisha yangu yote, mdogo wangu. Endelea kukanda."

Alifariki tarehe 19 Februari 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja, na mdogo wake, ambaye sasa amesimama mbele peke yake na kipaza sauti mkononi, na angetoa chochote kukirudisha.

Mungu ampumzishe. Alikuwa amechoka kuliko tulivyojua.