Sietske Haanstra, Mwanamke Aliyezaliwa Mara Nne kwa Mwaka

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni, dada yetu Sietske Haanstra anavua koti lake jeupe kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kusafisha meno ya Lytsewier. Ndiyo, Lytsewier nzima. Hapa kijijini hakuna mdomo ambao hajauona kwa ndani, ukiwemo wa mchungaji, ukiwemo na wangu mimi, Hinke wa mapokezi, niliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu, eti, mimi ndiye msemaji sana. Sawa, nitasema.

Alikuja kutoka chuoni Groningen kwa baiskeli, upepo wa mkoa wetu wa Friesland ukimpiga usoni njia nzima. Nywele zilikuwa zimesimama na macho yanatoka machozi, hata Daktari Hessel Boonstra, mwenye kliniki yetu ya meno, akadhani ameletewa mgonjwa wa dharura, akamwonyesha kiti. Siku hizo kila mtu hapa alikaguliwa meno kila baada ya miezi sita, awe mzima, awe mgonjwa. Ukimuuliza kwa nini, anakwambia mama yake alifanya vivyo hivyo.

Sietske hakukubaliana na hilo hata kidogo. Kwake yeye kila mdomo una mwendo wake. Mwenye fizi imara na meno yasiyotoboka anaweza kukaa mwaka, hata miwili. Mwenye fizi zinazotoka damu, au mvuta sigara, au mwenye kisukari, asingoje hata hiyo miezi sita. Alimshawishi daktari, wakaanza kumpangia kila mtu muda wake. Lo! Kijiji kikawaka moto. Mama Froukje Wiersma, ambaye mpaka leo anavunja njugu kwa meno, alipoambiwa arudi baada ya mwaka na nusu alinijia mapokezi machozi yakimlengalenga. "Nimewakosea nini, jamani? Mbona mnanifukuza?" Ikabidi Sietske amkalishe, ampe kahawa, amweleze kwamba hajafukuzwa, amesifiwa.

Halafu kukawa na mambo ya kalenda. Sisi sote tunatundika chooni kalenda ya siku za kuzaliwa, ile isiyo na mwaka wala Jumatatu. Ukikaa pale asubuhi unajua leo ni nani wa kupewa hongera. Watu wakaanza kuandika humo na miadi ya meno. Wybren wa posta aliambiwa arudi baada ya miaka miwili, akaiandika tarehe, na kwa kuwa kalenda ile haijui mwaka, akatokea baada ya mmoja, amevaa na tai. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sietske hakucheka. Alisimama pale anafikiri, nami nikajua kuna mtu ataisoma namba.

Mtu huyo alikuwa Douwe Terpstra, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa na mpiga tarumbeta wa kwanza wa bendi yetu. Hakuna harusi wala maziko hapa ambayo Douwe hajayapigia. Sasa fizi zake zilikuwa zimeoza, na meno mawili ya mbele yameanza kucheza. Sietske hakumung'unya maneno: aje kila miezi mitatu, la sivyo meno yale yatang'oka, na mpiga tarumbeta asiye na meno ya mbele hana pa kuuegemeza mdomo.

Douwe alikataa katakata. "Baba yangu alikwenda mara mbili kwa mwaka, na mimi nakwenda mara mbili. Miezi mitatu ni ya wagonjwa, bibie."

"Na kwato za ng'ombe wako je, unangoja mpaka wachechemee ndipo uzikate?"

"Hizo ni kwato!"

"Haya, nenda na ubishi wako."

Aliyerudi ni Aukje, mkewe, kwa siri, amejifunika kitambaa kana kwamba hatumjui. Alituambia kwamba Douwe kila akimaliza mazoezi anatema damu kwenye sinki, halafu anasema ni rangi ya bitiruti aliyokula mchana. "Akiikosa tarumbeta ile, Sietske, na mimi nitakuwa nimemkosa yeye." Hapo hakuna aliyecheka.

Basi siku ya kuzaliwa ya Aukje ilipofika, tukaenda kwao. Tumekaa duara na vikombe vyetu, tumeshapeana hongera kila mtu na mwenzake, kama ilivyo desturi yetu, mpaka mikono imechoka, Sietske akaomba kwenda chooni. Akakawia kweli. Kumbe mwenzetu alikuwa anaandika jina lake mwenyewe kwenye kalenda ya Douwe, mara nne, kila baada ya miezi mitatu.

Kwetu kusahau siku ya kuzaliwa ya mtu ni aibu isiyofutika. Tarehe ya kwanza ilipofika, Douwe aliingia kliniki na keki ya krimu kubwa kama gurudumu, akawapa hongera watu wote wa chumba cha kungojea, hata yule bwana aliyekuwa na ganzi nusu ya uso. Sietske akaipokea keki, akamwambia, "Asante, baba, hebu kaa hapo kidogo." Kiti kilichokuwa wazi kilikuwa kimoja tu, cha mgonjwa. Alipokuja kushtuka, kiti kimeshalala na taa inammulika machoni.

Miezi mitatu baadaye alisimama mlangoni, keki mkononi. "Wewe mwanamke, umezaliwa mara ngapi?"

"Mara nne kwa mwaka, mpaka fizi zako zikome kutoka damu."

Alijaribu kukasirika akashindwa, kicheko kikamtoka, akaenda kulala kitini mwenyewe. Kuanzia hapo hakukosa. Sigara aliitupa mwaka uliofuata na kunung'unika mwaka mzima. Ugaga ukatolewa, damu ikakoma, na yale meno mawili yakashika. Anapiga mpaka leo.

Ningeweza kuwasimulia pia jinsi Sietske alivyoenda kila vuli kwenye nyumba ya wazee kusugua meno ya bandia ambayo hayakuwa na mwenyewe anayejulikana, lakini sherehe ina saa zake.

Jumanne iliyopita Douwe alikuja kwa mara ya mwisho kwa Sietske. Alimkagua taratibu, jino kwa jino, akavua barakoa. "Fizi zako nzuri. Sasa njoo kila miezi sita, kwa Imke." Imke ndiye anayeshika nafasi yake.

Douwe alikuwa amepewa ile miezi sita aliyoipigania miaka yote, na hakuitaka. Alibaki amelala. "Na miezi mitatu ikifika, mimi niende wapi?"

"Meno yako hayanihitaji tena, baba. Nilikuwa naifanyia kazi siku hii." Alisema vizuri kabisa, kisha akageukia sinki, akanawa mikono kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Dada Sietske, na sisi yetu ni kama ya Douwe. Umetufanya wazima, na bado hatujui twende wapi. Asante kwa yote. Ukapumzike kwa raha, afya yako idumu, na mlango wako tutaubisha bila miadi.