Historia ya Thyra Kvist, Aliyepita Mlango wa Maiti kwa Miaka Arobaini

Mchungaji, majirani, ndugu wa karibu na wa mbali, nanyi wanachama wa Ushirika wa Umeme wa Upepo wa Lyngvad mliojaza benchi za kushoto, familia imemkabidhi Mogens, mpwa wa marehemu, kazi ya kusoma historia hii, na marehemu mwenyewe alikwisha kumwonya kwamba akimpamba kwa maneno ya sukari atainuka jenezani amnyang'anye karatasi, kwa hiyo itasomwa kama ilivyokuwa.

Thyra Kirstine Kvist alizaliwa Jumamosi tarehe 14 Februari 1931 katika shamba la Nørremark, parokia ya Lyngvad, magharibi mwa Jutland, akiwa mtoto wa pili wa Anders Nørremark na mkewe Maren, siku ambayo upepo ulikuwa umeng'oa nusu ya paa la banda la nguruwe, na mkunga alifika amejifunga kofia kwa kamba ya katani, akasema mtoto aliyekuja na upepo wa namna ile asitegemewe kutulia. Hakutulia.

Alisoma shule ya kijiji ya Lyngvad kuanzia Aprili 1938 hadi Machi 1945, na katika ripoti yake ya mwisho, ambayo bado tunayo, mwalimu aliandika kwamba msichana huyu ana akili na ana mdomo, bila kueleza kipi kinamzidi mwenzake. Miaka hiyo ilikuwa ya vita, mafuta ya taa hayapatikani, na katika vuli ya mwaka 1941 baba yake alipandisha juu ya ghala kinu kidogo cha upepo alichokiunda mwenyewe, kikawasha taa mbili, moja jikoni na moja kwa ng'ombe, na chini ya ile ya jikoni ndipo Thyra alipojifunza hesabu za sehemu, akiacha kalamu kila upepo ulipolegea. Taa hizo ziliwaka miaka kumi na mmoja. Kisha nguzo za kampuni ya umeme zikafika kijijini, na kampuni ikasema shamba lenye kinu halitaunganishwa mpaka kinu kishuke, hivyo tarehe 9 Septemba 1952 Anders alipanda akakifungua bolti moja baada ya nyingine, bintiye akiwa ameshika ngazi, na aliposhuka alifuta mikono kwenye suruali akasema, "Jana taa ilikuwa yetu, leo ni ya watu." Thyra alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na kwa kauli yake mwenyewe alikasirika siku ile, wala hasira hiyo hakuona sababu ya kuiacha.

Kwa upande wa kazi, alianza kama mtumishi wa nyumbani tarehe 1 Mei 1946, akasoma miezi mitano katika chuo cha wananchi majira ya baridi ya 1949, na kuanzia mwaka 1950 hadi 1979 alifanya kazi katika kiwanda cha maziwa cha ushirika hapa Lyngvad, chumba cha siagi, ambako alijifunza jambo alilolipenda kuliko mahubiri yote, mchungaji utusamehe, nalo ni kwamba katika ushirika kura huhesabiwa kwa vichwa na si kwa ng'ombe, mwenye ng'ombe wawili huinua mkono mmoja, na mwenye ng'ombe sitini naye huinua mkono mmoja, hata akinuna.

Tarehe 6 Mei 1955, katika kanisa hili hili, alifunga ndoa na Ejnar Kvist, fundi wa matrekta, mtu mpole aliyehamia kwa mkewe na hakuwahi kulalamika hadharani, na Mungu akawajalia watoto wawili, Birgit mwaka 1957 na Torkild mwaka 1960, ambao wote wapo hapa mbele.

Sasa tufike kwenye mlango, maana tunajua ndio mnaousubiri.

Mnamo Machi 1981 watu wa Lyngvad waliamua kusimamisha mtambo wa upepo juu ya kilima cha Brunhøj, uwe mali ya wanachama na umeme wake uwe wa nyumba zao, na Alhamisi tarehe 12 wakakutana katika ukumbi wa kijiji, kahawa na keki mezani, chini ya mwenyekiti wao Aksel Bundgaard, ambaye yuko hapa benchi ya tatu na masikio yake bado yanafanya kazi. Thyra alifika wa kwanza, na baba yake, aliyekwishakufa, alikuwa naye moyoni. Lakini katiba ilisema mwanachama awe anakaa ndani ya kilomita tatu kutoka kwenye mtambo, na Aksel, mtu ambaye hata viazi huvipanda kwa rula, alikuwa amezipima nyumba zote za pembezoni kwa utepe wa chuma mpaka kwenye mlango ambao wenye nyumba hupitia. Nyumba ya Nørremark ilizidi kwa mita kumi na moja.

"Mita kumi na moja, Aksel!" Thyra alisema. "Nikitema mate kutoka kwangu yanafika!"

"Basi mate yako yanakaribishwa," Aksel alijibu, "wewe bado. Mita ni mita, mama."

Ukumbi ulicheka, na kicheko kile kilimuuma kuliko mita zenyewe, kwa sababu alikuwa ameahidi kwenye kaburi la baba yake kwamba taa ya jikoni itarudi kuwa yao. Alirudi nyumbani, akaizunguka nyumba mara mbili akiihesabu kwa hatua, na akasimama mbele ya ukuta wa magharibi.

Nyumba ile ya mwaka 1846, kama nyumba nyingi za kale za upande huu, ina mlango wa maiti, tundu la mlango lililozibwa kwa matofali, ambalo hubomolewa siku ya msiba tu ili jeneza litoke, na waombolezaji wakirudi kutoka makaburini hukuta fundi amekwisha kuliziba, marehemu asije akajua njia ya kurudi. Ulifunguliwa kwa mama yake mwaka 1958 na kwa baba yake mwaka 1964. Kuufungua bila maiti ndani ni kukiita kifo kije kula chakula cha mchana. Thyra alijua hayo yote, alilelewa nayo, na Jumanne tarehe 14 Aprili 1981, katika wiki ya mateso, saa nne asubuhi, jua likiwaka ili kila mtu aone, alichukua nyundo.

Ejnar alikataa kushika hata patasi. Dagny, jirani wa kusini, alikuja mbio mpaka uani na unga mikononi.

"Thyra, una wazimu? Unamfungulia nani? Kwenu hakuna hata mwenye mafua!"

"Nafungulia umeme," alijibu marehemu, nyundo ikiendelea.

"Na kifo kikija?"

"Kikija kivue viatu, nimepiga deki."

Kufikia jioni alikuwa na mlango upande wa magharibi, na kwa matofali yale yale, siku tatu zilizofuata, akauziba mlango wa zamani wa mashariki, asije mtu kusema nyumba ina mlango mwingine. Jumamosi tarehe 2 Mei kamati ilirudi na utepe wake, Aksel akapima mara tatu akitumaini utepe utabadili mawazo, na mara zote tatu ikawa mita elfu mbili mia tisa tisini na moja.

"Huu si mlango," Aksel alisema akiwa amesimama nje, kofia mkononi. "Hili ni tundu la jeneza."

"Katiba yako inasema mlango ambao wenye nyumba hupitia. Sisi tunapitia. Kahawa iko ndani, karibuni mhakikishe."

Hakuna aliyesogea. Wanaume wanne wazima walisimama wakitazama kizingiti, na mambo yangeishia hapo, kwa sababu mlango usiopitwa na mtu ni ukuta tu, lau Ejnar, aliyekuwa kimya wiki tatu, asingetoka kwenye karakana, akajifuta grisi, akapita katikati yao na kuinama kuingia. "Mimi nimeoa humu," alisema, "siogopi kitu tena." Wawili walimfuata, na mmoja wao alimeza kahawa yake akiwa amefumba macho. Aksel hakuingia, ila alisaini karatasi juu ya mgongo wa mwenzake, kwa kuwa sheria ni msumeno, na safari hii ulikuwa umekata kwa kurudi nyuma. Tarehe 27 Novemba 1981 mtambo wa Brunhøj ulianza kuzunguka, Thyra Kvist akiwa mwanachama namba thelathini na tisa, na aliwasha taa ya jikoni akaizima akaiwasha tena mpaka Ejnar akamwomba amruhusu amalize supu.

Jumatatu tarehe 21 Februari 1983 Ejnar alianguka kwenye ghala la viazi-sukari, moyo ukasimama, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita. Mlisema. Hatutafuti ugomvi siku ya leo, lakini mlisema, wengine penye chai ya msiba kabla kikombe hakijapoa, kwamba Thyra alikiita kifo na kimekuja, na mlimtazama mjane kama aliyeshika kisu. Ejnar alitolewa kwa mlango ule, na tuliporudi fundi alikuwa amekaa na matofali yake tayari, na Thyra akamwambia aende zake. Alichokificha miaka mingi, na alimwambia mpwa wake uzeeni tu, ni kwamba asubuhi ya siku ya nane alikoroga chokaa mwenyewe, ndoo nzima, akabeba tofali la kwanza mpaka kizingitini, akilia, akiwaamini. Kisha aliinua macho, akauona mtambo unavyozunguka juu ya Brunhøj, polepole, na akafikiri kwamba akiziba atakuwa amekubali kwamba yeye ndiye aliyemuua mumewe, na hakumuua, alimpenda, moyo wa Ejnar ulikuwa mbovu tangu ujana na daktari alikwisha kumwambia. Aliliweka tofali chini. Chokaa iliganda ndani ya ndoo, na ndoo hiyo ndiyo iliyozuia mlango usijipige na upepo tangu siku hiyo hadi leo, wengi wenu mmejigonga nayo vidole.

Aliingia kamati mwaka 1986, akawa mwenyekiti kuanzia 1994 hadi 2008, na kampuni kubwa ilipotuma mabwana wawili wenye viatu vizuri kuununua mtambo, aliwapitisha mlango ule ule, akawapa kahawa, akawaeleza ni mlango wa nini walipokuwa wameshaketi, nao wakamaliza mazungumzo mapema. Kura ya kuwakataa ilipigwa kwa vichwa.

Moyo wake ulianza kuchoka mwezi Machi 2019, alilazwa mara mbili katika hospitali ya mkoa, mara zote mbili akadai kurudishwa nyumbani, na Jumatano tarehe 3 Novemba 2021, saa tatu na dakika kumi asubuhi, alifariki kitandani kwake, taa ya jikoni ikiwa inawaka kwa amri yake mchana kweupe, akiwa na umri wa miaka tisini, miezi minane na siku ishirini.

Familia haitaficha kwamba tuligombana. Torkild, kwa mapenzi na si kwa ubaya, alitaka mlango uzibwe, alisema mama amepimana ubavu na ulimwengu miaka arobaini, sasa apumzishwe kama watu, na akamwita fundi. Birgit alisema binti yake Maren ndiye atakayeishi pale, na Maren anataka kuingia kwa mlango wa bibi yake. Jumamosi tukiwa bado tunabishana sebuleni, tulisikia fimbo kizingitini. Alikuwa Aksel Bundgaard, miaka themanini na tisa, ambaye kwa miaka arobaini alikunywa kahawa ya nyumba ile akiwa amesimama nje ya dirisha. Aliinama, akapita, akajigonga kwenye ndoo, akaenda kusimama kando ya marehemu kwa muda mrefu.

"Kumbe ni mlango tu," alisema.

Kisha akamgeukia Torkild. "Ukiziba, kijana wangu, nyumba inarudi mashariki na Maren anatoka chamani. Mita ni mita."

Torkild alicheka akilia, akampigia fundi simu asije.

Kwa hiyo, kwa niaba ya familia, tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, na yeye si mtu wa kuvumilika akiwa kitandani, tunamshukuru muuguzi wa nyumba kwa nyumba aliyejifunza kuruka ndoo, tunawashukuru wenzake wa chumba cha siagi waliosalia, wanachama wa ushirika mliomwamini, majirani mlioleta chakula, hata Dagny, uliyeleta mikate ukaikabidhi dirishani, mlango unakungoja, na mzee Aksel, asante kwa utepe wako.

Asubuhi ya leo tumemtoa Thyra kwa mlango wa maiti, kama alivyotolewa baba yake na mumewe, na tukirudi kutoka makaburini hatutakuta fundi, hatutakuta tofali wala chokaa, tutakuta ndoo mahali pake na taa ya jikoni inawaka, taa yetu. Pumzika kwa amani, Thyra, na siku ukichoka kupumzika, njia unaijua.