Ami Musallam na Cheti Kilichokataa Kukua

Alhamisi, tarehe 26 Juni 2025, Bw. Musallam, mtunzaji wa chumba cha kompyuta cha shule yetu hapa mtaani Al Warqa, atakabidhi funguo baada ya miaka ishirini na saba ya kazi. Kwetu wanafunzi yeye ni Ami Musallam tu.

Aliajiriwa mwaka 1998 kutunza stoo ya vitabu. Kompyuta nne za kwanza zilipoletwa ziliwekwa humo stoo, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine, naye akaanza kuzichunguza. Alisoma vijitabu vyote vya maelekezo, hata kurasa za onyo kuhusu umeme. Kitu kikimshinda hasemi kimeharibika. Husema, "Hiki kina sababu yake."

Mwaka juzi Eseza, Mganda anayehudumu katika basi la shule, aliomba nafasi ya kusomea uuguzi msaidizi. Maombi yalikuwa yanafungwa saa sita mchana, na fomu ilitaka namba ya mtahiniwa iliyo kwenye cheti chake cha sekondari. Kaka yake huko Jinja alikiskani na kumtumia kiungo, lakini namba ilionekana kama mstari wa sisimizi. Kaka akaskani upya, kubwa zaidi, kisha mara ya tatu, kubwa kupita zote. Kila ikifunguliwa, ukubwa ni ule ule.

"Mzee, khalas, basi tena," Eseza alimwambia Ami chumbani kwake saa tano na nusu. "Mashine ya kule ni mbovu. Na mwaka ujao nitakuwa nimepita umri wanaotaka."

"Subiri, mwanangu. Picha imekuzwa mara mbili, mbona haikui? Nani anaipunguza?"

Akasogeza mshale juu ya picha, ukageuka lenzi ndogo yenye alama ya kujumlisha. Akabonyeza mara moja. Cheti kikapanuka hadi kikazidi kioo, herufi nene kama za bango. Kumbe kivinjari kikifungua picha kubwa peke yake, huibana itoshee dirisha, hata iwe kubwa namna gani. Wakaivuta polepole kulia mpaka namba ikatokea. Fomu ikaondoka saa sita kasoro dakika nne.

Hakuishia hapo. Wiki ile ile alizima ubanaji huo katika kompyuta zote, akidhani ametufanyia hisani. Kesho yake, aliyefungua picha ya mahafali aliona taa za dari tu. Mwalimu mkuu, Madam Maha, alifungua ya kwake akakuta kipande cha paji la uso.

"Bwana Musallam, mbona umenikata?"

"Sikukukata, madam. Hivyo ndivyo ulivyo mkubwa."

Ami alicheka kuliko sisi sote, akarudisha mpangilio wa zamani, kisha akabandika karatasi kwenye kila mashine: BONYEZA PICHA KWANZA, NDIPO ULALAMIKE.

Baada ya wiki tatu jibu la Eseza lilikuja, nalo pia kwa picha. Alikuja kulifungulia chumbani kwa Ami, akabonyeza mwenyewe, na neno "Umekubaliwa" likajaza kioo kizima. Ami akamwambia abonyeze tena ili asome barua yote.

"Iache kwanza, mzee," alisema. "Iache hivyo hivyo."

Ami Musallam, ahsante kwa subira yako, na zaidi kwa maswali yako. Tunakuombea afya njema, asubuhi zisizo na kengele, na wajukuu wadadisi wa kukusumbua. Nenda kwa heri, ami yetu.