Mwalimu wa Chumba cha Mwisho na Tanuri la Betri

Ndugu waombolezaji, mtuwie radhi mapema, familia ilitafuta mtu wa kuisoma historia hii kwa heshima, ikamkosa, ikaniteua mimi, mdogo wa marehemu, ambaye hata kwenye harusi yake nilinyang'anywa kipaza sauti.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1964, nyuma ya soko, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mama muuza mkaa, akasoma shule ya msingi hapo hapo mtaani, akahitimu chuo cha ualimu mwaka 1985, na Januari iliyofuata akarudi shule ileile kufundisha darasa la kwanza, katika chumba cha mwisho, kinachopakana na ukuta wa shule. Tarehe 9 Desemba 1989 alifunga ndoa na fundi redio, shemeji yetu huyu mpole, wakajaliwa mabinti wawili na wa kiume mmoja, na shemeji peke yake akajaliwa kunyamaza.

Mwaka 2006, tanuri la kuyeyusha betri kuukuu, lililofukuzwa mtaa wa majumba makubwa baada ya wenyewe kulalamika mara moja tu, lilihamishiwa nyuma ya ukuta ule, watoto wakaanza kukohoa, kuumwa matumbo, na kusahau leo herufi walizozijua jana, na wakubwa wakamwambia afunge madirisha. Alifunga, watoto wakaloa jasho, ndipo akabeba ubao na darasa zima akahamia chini ya dirisha la meneja wa tanuri, wakawa wanaimba a, e, i, o, u kila asubuhi kwa sauti ya kung'oa bati. Meneja alipotoka kulalamika kwamba, jamani mwalimu, hapa mtu hawezi kufanya kazi, alijibiwa taratibu kwamba, pole baba, hata sisi tulikuwa tunasema hivyo hivyo.

Kelele zile zikawafikia wakubwa, watoto wakapimwa damu, ikakutwa sumu ya risasi, yale madini ya ndani ya betri, wakatibiwa, na tanuri likazimwa tarehe 3 Juni 2008.

Yeye alikuwa amekataa kubadilishiwa chumba, akisema mwalimu atakayechukua nafasi yake naye ana mapafu, na kifua kilichoanza kumsumbua mwaka 2019 ndicho kilichomchukua hospitalini, Jumanne tarehe 4 Februari 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, walimu wenzake, na wanafunzi wa darasa la kwanza waliokaa pale nyuma, ambao naomba msiwakaripie wanavyokohoa, ni moshi wa jenereta ya kipaza sauti hiki, na aliyeiweka upande unakotoka upepo ni mimi.

Lala kwa amani, dada, ngoja nikaizime.