Tomie Obara, na Swali Alilobaki Nalo kwa Baba

Aliyezaliwa Tomie Oikawa, na leo tunayemuaga kama Tomie Obara, aliingia duniani tarehe 3 Novemba 1947 hapa hapa Kurosawa, mkoa wa Iwate, mpunga ukiwa bado unapurwa. Mama yetu alikuwa akisema kuwa mtoto huyu hata kuzaliwa hakusubiri watu wamalize kazi. Alikuwa wa kwanza kwa Mzee Kanjiro na Mama Hatsu Oikawa. Mimi Yoshimasa, ninayesoma, nilimfuata miaka mitano baadaye, na tangu nipate akili sijawahi kumwona dada yangu ametulia.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, kisha sekondari ya wasichana mjini Ichinoseki. Siku moja ya mavuno alisimama mbele ya ghala, akauliza, “Baba, mpunga wote huu ataula nani?” Baba alicheka mpaka akaweka mzigo chini. “Japani nzima, mwanangu. Midomo haiishi.” Kila mgeni aliyefika nyumbani alisimuliwa kisa hicho. Kwa kujivunia akili za binti yake, baba aliuza miti ya mierezi ya mlimani akampeleka chuo kikuu Sendai, alikohitimu uchumi wa kilimo mwezi Machi 1970. Na kila vuli alimpelekea kwa treni gunia la mchele mpya. Asingekubali mwanawe ale mchele wa dukani wakati kwao yapo majaruba ya mpunga.

Aprili 1970 aliajiriwa katika ofisi ya takwimu za kilimo mjini Morioka. Kazi yake, kwa sisi tusioijua, ilikuwa kulinganisha mistari miwili mwaka baada ya mwaka: nafaka ambayo nchi imelima, na nafaka ambayo nchi imekula. Mwaka 1962 kila Mjapani alikula kilo mia moja na kumi na nane za mchele. Baada ya hapo, kila mwaka watu walizidi kupunguza wali na kuzidisha mkate. Nasi wakulima, tukisifiwa kwa bidii, tulizidi kujaza maghala ambayo hayakuwa na mlaji. “Wali tunao hatuli,” alikuwa akisema, “ngano tunakula hatuna.” Aliyasema hayo kwenye harusi, kwenye matanga, hata kwenye foleni ya posta. Watu walimkimbia.

Serikali ikaamua sehemu ya majaruba isilimwe. Kila kijiji kikapewa fungu lake, na nyumba moja ikigoma, kijiji kizima kinakosa fidia. Kurosawa aliyegoma alikuwa baba. Alipanda jaruba lake la juu kama kawaida, na mwezi Agosti 1978 mpunga ulikuwa umeshabeba masuke. Ofisi ilitaka kumtuma mtu aje kutueleza. Dada yangu akasema, “Naenda mwenyewe.”

Nilikuwepo ukumbini. Alibandika mchoro wake ukutani, mstari mmoja ukipanda, mwingine ukishuka, akaeleza bila kumficha mtu. Baba akasimama.

“Tomie. Mpunga ule una maziwa bado. Unajua unachonitaka nifanye?”

“Ukatwe, baba. Ukiwa mbichi.”

“Njaa wewe umeisikia kwa masimulizi. Mimi nimeiona kwa macho. Nani kakulisha wewe?”

“Wewe, baba. Ndiyo maana sikutaka uambiwe na mtu baki.”

Mzee Chiba wa ng'ambo ya mto akadakia, “Kanjiro, usitupalie makaa wenzako! Na binti umemsomesha mwenyewe, unamlilia nani?” Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilitamani kumzaba Mzee Chiba kibao, Mungu amrehemu.

Kesho yake alfajiri baba alikuwa ameshaanza kukata, dada akaja jarubani na mundu, na viatu vyake vya mjini, akaanza kukata upande wa pili. Baba hakumtazama. Walikata wote wawili mpaka jaruba likabaki tupu, masuke mabichi yakilala matopeni. Mwisho baba alinyoosha mgongo akamwambia, “Haya. Andika.”

Ndilo neno la mwisho alilomwambia bintiye. Vuli ilipofika gunia halikwenda Morioka. Mama aliposihi, baba alijibu, “Mwache ale mistari yake.”

Tarehe 12 Mei 1980 marehemu alifunga ndoa na Bwana Mitsuru Obara, ambaye ni mwoka mikate. Naam, mwoka mikate! Shemeji, usinikasirikie, unajua ilivyokuwa. Baba alihudhuria, akala, akainamisha kichwa kwa heshima mbele ya wakwe, na njia nzima ya kurudi akawa anamwambia mama, “Katuambia watu hawali wali, sasa kaenda kulala kwa mwenye tanuri.” Hata hivyo ndoa hiyo ilijaa upendo, ikajaliwa watoto wawili, Natsumi na Kohei. Marehemu alikula mkate wa mumewe asubuhi, na jioni alipika mchele wa kununua. Aliniambia kila alipofungua mfuko wa dukani alijisikia yatima.

Ikaja baridi ya mwaka 1993. Jua halikuonekana kiangazi kizima, maua ya mpunga hayakushika, tukavuna mapepe matupu. Nchi iliyolalamika ina mchele mwingi ikawa inapanga foleni, maduka yakauza mchele wa ng'ambo. Kile kidogo tulichopata nilikuwa nakitazama nikiwaza wanangu. Baba, akiwa na miaka sabini na minane, akaniambia, “Pima gunia la dada yako.”

“Baba, sisi wenyewe hatufiki masika.”

“Nimesema pima.”

Nikapima, nikapeleka. Dada alipiga simu analia, anataka kusema na baba. Baba alikuwa ameketi kando ya jiko, hatua chache tu. “Mwambie niko bandani.” Mwezi Februari 1995 baba alifariki. Hawakuwa wamezungumza.

Tangu hapo dada yangu hakuniacha nipumue. Kila mwaka mpya, kabla hata ya salamu: “Yoshi, baba alinisamehe? Au aliona haya tu watu waseme binti wa Oikawa anakula mchele wa kigeni?” Nilimjibu sijui. Alikasirika. “Ulikuwa chumba kimoja naye, hujui?” Sijui, dada! Baba hakuwa mtu wa kueleza. Aliyeweza kusema taifa zima lilikula nini mwaka wowote alioulizwa hakuweza kujua moyo wa mzee mmoja, na jambo hilo lilimla. Hata alipostaafu mwaka 2008 alikuwa akija hapa bila taarifa, anapanda mpaka jaruba la juu, ambalo halikulimwa tena na sasa ni pori, anazunguka, anashuka, anakataa hata chai.

Machi 2023 aligundulika ana saratani ya tumbo. Alitibiwa hospitalini Morioka, na tunawashukuru waganga na wauguzi. Chakula kilikataa. Nilimlisha uji wa mchele, vijiko viwili vikamshinda. “Mwaka huu mstari wa ulaji utashuka kwa ajili yangu,” akasema, na sisi tukacheka huku tunalia. Kisha akamshika mumewe mkono.

“Mitsuru, usiniweke kwenye kaburi la akina Obara. Niweke kwa baba.”

“Kwa baba yako? Mtu hamkusemeshana naye miaka yote ile?”

“Ndiyo hasa. Nina swali langu.”

Shemeji akaniangalia, akasema, “Miaka arobaini nimekaa naye, yeye hajawahi kukaa. Tumpeleke anakotaka.” Alifariki tarehe 9 Septemba 2023.

Marehemu ameacha mume, Bwana Mitsuru, watoto wawili, Natsumi na Kohei, wajukuu watatu, na mdogo wake, mimi. Leo, tarehe 27 Oktoba, tunayaingiza majivu yake katika kaburi la Oikawa. Nimesogeza chungu cha majivu ya baba kwa mikono yangu ili chake kikae karibu.

Baba, Tomie huyu hapa. Mjibu, apumzike.