Muhindo Isaïe, aliyechunga mawe ya Kanyere (1949–2001)

Ndugu, jamaa, majirani wa Tshopo hapa Kisangani, nanyi mliovuka mto asubuhi hii kutoka Lubunga, asanteni kwa kufika. Huyu tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 17 mwezi wa kumi na moja 2001, ni Muhindo Isaïe, mfanyabiashara, mkristo wa parokia hii, mume wa Kanyere Olga. Mke wake hayupo hapa. Yuko Butembo, na vita imefunga njia kati yake na sisi. Maneno haya yameandikwa na Emérence, aliyeolewa na Mumbere, mpwa wa marehemu, na aliyekaa na mzee nyumba moja tangu mwanzo wa mwaka jana.

Alizaliwa tarehe 3 mwezi wa tatu 1949 huko Kyondo, kwenye milima ya Wanande, mahali ukungu wa asubuhi unaingia mpaka jikoni. Alikuwa kitinda mimba, na dada yake Philomène ndiye aliyembeba mgongoni. Alisoma shule ya msingi kwa mapadri, akaanza sekondari, kisha baba yao akafariki na masomo yakaishia hapo. Hesabu alizijua. Kemia hakuifikia.

Mwaka 1973 alishuka Kisangani na lori la maharagwe, wakati ule barabara ilipokuwa bado barabara. Alianza na meza ndogo sokoni, akaendelea hadi duka la jumla: maharagwe, sabuni, vipuri vya baiskeli. Sokoni walimjua kwa mizani yake. Hakutaja bei kabla mshale haujatulia kabisa. Wanunuzi walimchokoza: “Papa Isaïe, mushale imelala zamani, hata blanketi imefunika.” Yeye aliendelea kungoja.

Tarehe 12 mwezi wa sita 1982, mjini Butembo, alimuoa Kanyere Olga, aliyekuwa amemaliza humanités, yaani sekondari, sehemu ya biochimie. Mungu aliwapa mtoto mmoja, akaishi miezi mitatu. Hakuwapa mwingine. Watu walisema mengi na wengine walimshauri aoe tena. Mzee hakuoa.

Mwaka 1995 walisafiri pamoja hadi Mombasa kutafuta bidhaa. Katika duka la bwana mmoja, Nassoro, Kanyere aliona sanduku la kioo limejaa maji ya chumvi, na ndani yake mawe yenye rangi yanafumbua vidole na kuvifumba. Nassoro akamwambia si mawe, ni matumbawe, ni viumbe. Vinakunywa chokaa iliyo ndani ya maji na kuifanya mifupa. Akawaonyesha jinsi alivyokuwa anavikuza kutoka vipande vidogo. Kanyere hakutoka tena dukani siku hiyo. Walirudi Kisangani na magunia ya chumvi ya bahari, na vipande vitano ndani ya mifuko ya maji, mapajani mwake njia nzima. Kwa vioo vinene vya vitrine za maduka, vile vilivyobaki baada ya pillage, ule uporaji wa mji, fundi aliwagandishia sanduku, likawekwa salon, chumba cha wageni. Majirani walikuja kutazama. Mama Aurélie, mama wa Isangi aliyezaliwa mtoni, alisema: “Mie nimekula kila kitu yenye kutoka mu maji. Hii hapana.”

Waliyaita mawe ya Kanyere, kwa sababu kazi yote ilikuwa yake. Mzee alikuwa anabeba ndoo tu.

Katika mwezi wa saba 1999 Kanyere alikwenda Butembo kumuuguza mama yake. Mwezi uliofuata risasi zikalia hapa mjini, na mzee mwenyewe akamwambia: “Baki kwanza.” Kisha wakubwa wa vita wakagawanyana, Butembo ikawa upande mmoja, Kisangani upande mwingine. Ile “kwanza” ikawa ndefu. Mzee alimwahidi neno moja: siku atakaporudi, atayakuta mawe yake ni mazima.

Hapo ndipo alipoanza kusoma kemia, kwa phonie. Kila Alhamisi alipanga foleni kwa Zacharie, mwenye kile chombo cha redio, pamoja na watu wengine wenye jamaa zao mbali, na wote walisikia kila neno. Ukimaliza kusema unatamka “à vous”, yaani ni zamu yako, ndipo mwenzako ajibu. Kanyere alimfundisha kwamba maji yanayokauka yanaacha chumvi chini, kwa hiyo unajazia maji ya mvua, si ya chumvi. Kwamba chokaa unaikoroga, unaiacha ituame, unadondosha yale maji maangavu ya juu, tone kwa tone. Kwamba soda ya mikate inazuia ukali wa maji usipande na kushuka. Kupima chumvi, mzee alitumia bomba la kalamu ya bic lenye mchanga ndani, lililoelea juu ya maji. Alama yake Kanyere alikuwa ameipaka kwa rangi yake ya kucha.

Siku moja mzee alikuwa na haraka ya duka, akamimina chokaa na soda kwa pamoja. Sanduku lote likawa kama uji. Alikimbia kwa Zacharie na suruali imelowa, akaomba aitiwe Kanyere.

“Uliweka pamoja? À vous.”

“Niliweka pamoja. À vous.”

“Isaïe, chokaa asubuhi, soda mangaribi. Hizo mbili zikikutana zinashikana, zinaanguka chini, na majiwe zinabaki na njaa. Mizani yako unangojaka itulie, maji yangu unaikimbilia juu ya nini? À vous.”

Foleni nzima ilicheka, na mzee akacheka nao. Kuanzia siku hiyo hakuongeza kitu chochote bila kungoja. Kanyere alikuwa akimkumbusha kila mara: afadhali maji yenye kasoro kidogo yanayobaki vilevile, kuliko maji mazuri leo na mengine kesho. Kiumbe anazoea kasoro. Kurushwarushwa hakuzoei.

Nyumbani aliongea kidogo. Lakini jioni, akiketi mbele ya kioo, alikuwa akijipangia maneno ya Alhamisi kwa sauti: chumvi iko hivi, ile ya zambarau imeongeza kidole, mvua haijanyesha. Na Emérence, akimnyonyesha mtoto chumba cha pili, alimsikia anamaliza kwa kusema “à vous”, halafu anangoja, kama mtu atakayejibiwa.

Jumatatu tarehe 5 mwezi wa sita 2000, vita ilianza ndani ya mji wenyewe, ikaendelea siku sita. Nyumba ya mzee ilikuwa na kuta za saruji, kwa hiyo majirani walikimbilia ndani na watoto wao, wakalala chini kwenye koridori. Courant ya umeme ilikatika, bomba likakauka. Mzee alikuwa na bidoni za maji ya mvua, zote za kujazia sanduku. Alimpa Mama Aurélie ya kwanza bila kuulizwa. Kisha ya pili. Watu walikunywa, watoto walikunywa, mtoto wa Emérence alikunywa. Mashine ya kuyatembeza maji ilikuwa imekufa kwa kukosa courant, basi mzee alitambaa kwa tumbo hadi salon, akachota kwa kikombe na kumwagia humohumo, ili mawe yapate pumzi. Emérence alimwambia: “Papa, toka pale kwa dirisha.” Alijibu: “Ninakuja, mama.” Hakuja. Maji ya sanduku yalizidi kushuka, chumvi ikazidi kukaza, na bidoni ya mwisho ilipobaki aliiangalia kwa muda, akaisukuma kwa mguu kuelekea koridori.

Vita ilipotulia, mawe yote yalikuwa meupe kama mifupa.

Phonie ilipofunguliwa tena, Emérence alimsindikiza.

“Olga, maji yao niliwapatia watu. Watu walikunywa. Zimekufa. À vous.”

Redio ilikoroma tu. Zacharie akasema taratibu: “Mama Olga, ni kwako.”

“Zote? À vous.”

“Kamoja kanabakia, kwa chini, sawa ukucha ya mutoto. À vous.”

“Bon. Usitengeneze yote siku moja. Chumvi ilipanda pole pole, ishushe pole pole. Na wewe, ulikunywa? À vous.”

Siku hiyo hakuna mtu katika foleni aliyecheka. Mzee aliinama, akasema: “Nilikunywa,” akamrudishia Zacharie chombo.

Alikachunga kale kamoja mwaka mzima na zaidi. Bidhaa zilikosa, duka likabaki na rafu tupu, lakini chokaa asubuhi na soda jioni hazikukosa. Leo kana matawi matatu na kanajaa kiganja.

Ugonjwa wake ulikuwa kisukari. Dawa ilikuwa inakuja kwa ndege, halafu ndege zikapungua, dawa ikaja wiki moja na kukosa wiki nne. Katika mwezi wa kumi mguu ulianza kuoza. Alimwomba Emérence asimwambie Kanyere, akamfundisha kutia chokaa. Alifariki nyumbani alfajiri ya Alhamisi tarehe 15, Kanyere akapewa habari kwa phonie siku ileile, na usiku uliofuata mwili wake ulilala salon, kando ya lile sanduku.

Hapo kulitokea neno ambalo wengi wenu mmelisikia. Mama Philomène, dada yake anayeishi hapa Kisangani, alisema maji yaliyolala na maiti hayabaki ndani ya nyumba. Ndivyo wazee walivyotuachia. Vijana walikuwa wameshashika sanduku ili walimwage uani. Emérence, na mtoto mgongoni, alisimama mbele ya kioo, akasema kwa sauti ndogo: “Mama Philomène, tumuulize kwanza mwenyewe, Mama Olga.” Mama Philomène alimtazama, akachukua kitenge chake. Jana, Ijumaa, wawili hao walikwenda kwa Zacharie.

“Olga, ni mie Philomène. Maiti ililala pembeni ya maji yako. Desturi unaijua. À vous.”

“Yaya, dada yangu, niko naijua. Desturi inasema maji itoke. Inasema itoke siku moja? À vous.”

Mama Philomène alifikiri. “Haisemi. À vous.”

“Basi itoke ndoo moja kila juma, sawa tunafanyaka siku zote. Ndoo moja inatoka, ingine inaingia, yenye chumvi ileile. Siku njia itafunguliwa, maji ya kifo itakuwa karibu yote imetoka, na kale kajiwe hakatasikia kitu. À vous.”

“Ndoo ya kwanza nitaibeba mie,” alisema Mama Philomène, na akasahau kumalizia. Zacharie akamalizia kwa niaba yake.

Leo, tukitoka makaburini, kabla ya watu kuketi kula, Mama Philomène atachota ndoo hiyo na kuimwaga nje ya uzio. Atakayependa anaweza kusimama naye.

Marehemu anaacha mke, Kanyere Olga, huko Butembo. Dada yake, Philomène. Mpwa wake, Mumbere. Emérence na mtoto wao Émilie. Na majirani waliokunywa maji yake. Papa Isaïe, lala kwa utulivu. Umengoja vya kutosha. Kungoja kulikobaki tuachie sisi.