Malengelenge ya Mtoto wa Mwashi

Kijiwe chetu kina kikombe kimoja cha kahawa na sheria moja: aliyekishika ndiye anayesema, wengine kimya. Kwa hiyo upuuzi wetu huenda kwa zamu. Jioni ile ulikwenda mbio. Mwashi, anayejenga nusu ya kuta za mtaa huu, alikaa katikati yetu, macho mekundu. Mkewe kajifungua kabla ya miezi kutimia. Mtoto njiti yumo kwenye mashine ya joto, mwili una malengelenge, na daktari kasema ni virusi vya herpesi, ule ugonjwa wa zinaa, kaambukizwa tumboni. Mwashi kusikia hivyo tu, akatoka wodini. Hajarudi.

— Huo ugonjwa wa wahuni, alianza Redio, kinyozi wetu asiyejua kunyamaza. Mkeo kachepuka, ndugu yangu. Mrudishe kwao!

— Lete kikombe! alidakia Wakili, ambaye ni fundi viatu. Virusi gani? Mashine imemuunguza mtoto, sasa wanatafuta pa kujifichia. Tuwashtaki!

— Hebu nipe tena! Redio alikipokonya. Na kama wamembadilisha? Njiti wote si wanafanana? Mwashi, huyo si wako kabisa!

Na Mwashi, mtu mzima na ndevu zake, anaitikia kwa kichwa! Damu ilinichemka. Nikanyoosha mkono nipate kikombe, nikanyimwa.

Mara akatokea dada wa mke wa Mwashi, kapu mkononi, katoka wodini moja kwa moja.

— Shemeji, mtoto katundikiwa dawa, anapigania roho yake. Mdogo wangu yuko pale peke yake, analia tu. Wewe unakunywa kahawa?

— Aseme kwanza kautoa wapi, alisema Redio.

— Daktari kasema virusi hivi vinakaa mwilini miaka na miaka, mtu hana hata kipele. Awe mke, awe mume.

Akatutazama mmoja mmoja.

— Haya. Nani hapa kapima?

Redio alimpa Wakili kikombe upesi. Wakili akanipa mimi. Nami, niliyekuwa nakililia, nikampa Mwashi.

Mwashi alikishika kwa mikono miwili. Kisha akainuka, akamfuata shemejiye kuelekea hospitali, kikombe chetu bado mkononi. Hakuna aliyemwita akirudishe.